Umehamia chuo Dodoma ukiwa mwaka wa pili: mwongozo wa kutulia na kupata watu wako

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika Dodoma anapokelewa. Kuna wiki ya utambulisho, kuna viongozi wa wanafunzi waliovaa vitambulisho shingoni, kuna vikundi vya dini vinavyogombea kumbebea begi, na darasani hakuna anayemjua mwenzake. Wewe uliyehamia mwaka wa pili hupati hata kimoja katika hivyo. Kwenye karatasi wewe ni mwanafunzi anayeendelea, kwa hiyo ofisini wanakuchukulia kama mtu anayejua mlango ulipo. Darasani wenzako wameshavuka sapu (mitihani ya marudio) pamoja, wameshakopeshana hela boom, yaani hela ya mkopo, lilipochelewa, wameshagombana kwenye makundi ya asaimenti na wakapatana. Hawakuchukii. Hawajui tu kama upo.

Nimeandika nikifikiria zaidi Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwa sababu ndicho kikubwa hapa na ndicho kinachompoteza mgeni haraka. Ukiwa umehamia St John's, Mipango, CBE au Chuo cha Madini, umbali utakuwa mfupi na nyuso chache, ila shughuli ni ile ile. Na shughuli yenyewe ni hii: ugeni una muda wake. Kwa mwezi wa kwanza hivi unaweza kumwuliza mtu yeyote swali lolote, hata "choo kiko wapi", na akakujibu vizuri. Semista ikifika katikati, swali hilo hilo linaanza kuonekana la ajabu. Utumie mwezi huo.

Kabla hujapanda basi: karatasi

Uhamisho wa shahada unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na wa stashahada na cheti unasimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Dirisha la uhamisho hutangazwa na hufungwa, na chuo unachokwenda lazima kikubali kwamba kina nafasi na kwamba sifa zako zinaingia kwenye programu yao. Hayo nadhani umeshayamaliza. Ambalo wengi hawalifikirii ni krediti.

Mfumo wetu unahesabu krediti 120 kwa mwaka mmoja wa masomo, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360. Ukihama, mkuu wa idara anakaa na matokeo yako upande huu na mtaala wake upande ule, anatazama kozi moja moja. Jina la kozi peke yake halimtoshi. "Utangulizi wa Takwimu" ya chuo kimoja inaweza kuwa na krediti 8 na haigusi rigresheni, ya chuo kingine ina 10 na inaigusa. Kwa hiyo ukiwa bado chuo cha zamani, chukua matokeo yaliyogongwa muhuri na maelezo ya kila kozi uliyosoma: mada, saa, krediti, namna ilivyopimwa. Kuyafuatilia ukiwa umeshaondoka ni mateso, maana karani wa idara hana sababu ya kuharakia mtu ambaye hamwoni tena mlangoni. Beba na barua ya kukubaliwa uhamisho, vyeti vya kidato cha nne na cha sita au vya stashahada, cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na nakala za kutosha. Kila ofisi itataka nakala yake.

Kama una mkopo, hakikisha taarifa za uhamisho wako zimefika Bodi ya Mikopo na kwamba dawati la mikopo la chuo kipya lina jina lako. Boom linafuata orodha ya chuo. Ikiwa jina limebaki kule, wenzako watasaini na wewe utasimama pembeni ukipiga simu. Mimi humshauri kila anayehama aje na hela ya kula ya miezi miwili isiyotegemea boom, hata kama ni ya kuungaunga kwa wajomba. Bima ya afya nayo uliza mapema: kama kadi yako ya NHIF ilitoka kupitia chuo cha zamani, taarifa zinatakiwa kubadilishwa.

Kufika

Mabasi ya mikoani yanashusha stendi kuu ya Nanenane, kule Nzuguni, jirani na Soko la Job Ndugai. Anayetoka Dar au Morogoro ana treni ya SGR pia, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024. Ukiweza, fika mchana. Si kwamba mji ni mbaya. Ni kwamba UDOM imetawanyika juu ya mlima na gizani majengo yote yanafanana.

Ndiyo maana usimwambie konda au bodaboda "nipeleke UDOM." Sema ndaki, yaani kitengo cha chuo unachosomea: Elimu, Sayansi za Jamii, CIVE (ya kompyuta), Afya kule karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ukishushwa ndaki isiyo yako na begi mbili, jua la saa nane litakufundisha jiografia ya chuo kuliko ramani yoyote.

Wiki ya kwanza: CR kabla ya mtu mwingine yeyote

Watu wengi wakifika wanaanza na ofisi: usajili, namba ya malipo, kitambulisho. Sawa, ni lazima. Lakini siku hiyo hiyo mtafute CR, yaani mwanafunzi anayewakilisha darasa lako. Ofisi inakupa namba ya usajili. CR anakupa ratiba iliyobadilishwa jana usiku, grupu la WhatsApp la darasa, jina la mhadhiri anayefunga mlango baada ya dakika tano, na zaidi ya yote anakuingiza kwenye kundi la asaimenti kabla halijajaa.

Namba yake uliza idarani, au ingia kipindi chochote cha programu yako, subiri kiishe, uliza aliyekaa mbele. Kisha mwandikie ujumbe wenye kila anachohitaji, asilazimike kukuuliza maswali:

"Habari yako CR. Mimi naitwa (jina), nimehamia kutoka (chuo) na nimeingia mwaka wa pili kwenye programu yenu. Usajili wangu umekamilika, namba yangu ni hii. Naomba uniunge kwenye grupu la darasa, na kama kuna kundi la asaimenti lenye nafasi naomba uniweke hata leo. Kesho nitakuwepo kipindi cha saa mbili, nitakuja kukusalimia."

Halafu kesho yake nenda kweli umsalimie. CR wa darasa la watu mia tatu anapokea jumbe mpaka anachoka, na jina lililokuja na sura halisahauliki. Ukiingia kwenye grupu, jitambulishe kwa mistari miwili na unyamaze siku kadhaa. Usianze na "jamani hiki chuo vipi?"

Kuna jambo linalowaudhi wahamiaji wengi ambalo mimi naliona ni bahati. Kozi zako ambazo hazikulingana utatakiwa kuzichukua na mwaka wa kwanza. Utakaa na watu uliowazidi mwaka mzima, ambao hawajajuana, wanaotafuta marafiki kwa juhudi, na wanaokuona kaka au dada anayejua mambo. Wengi wamepata rafiki wao wa kwanza Dodoma kwenye kozi hiyo waliyokuwa wanainung'unikia.

Pa kulala

Hosteli ya chuo, kama ukiipata, ichukue kwa mwaka wa kwanza wako hapa hata kama umezoea geto, chumba cha kupanga mtaani. Nafuu ya hela ni sehemu tu. Kwenye korido watu wanaazimana pasi na chumvi, na kuazimana ndiko kunakozaa salamu. Tatizo ni kwamba vyumba hupangwa mapema na uhamisho huchelewa, kwa hiyo nenda kwa ofisi ya malazi wiki ya pili na ya tatu pia: kuna wanaoahirisha mwaka na wanaohamia mitaani, na kitanda kinachoachwa katikati humwendea aliyesimama mlangoni.

Ukikosa, kuna mitaa. Ng'ong'ona imejaa wanafunzi. Makulu iko njiani kwenda mjini. Iyumbu nayo iko jirani na chuo. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mwanafunzi anagombea chumba na mtumishi mwenye mshahara, kwa hiyo usitegemee bei aliyokutajia binamu yako aliyesoma hapa zamani. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mpigo, na dalali atataka ya mwezi mmoja kama malipo yake. Kabla hujatoa chochote, tazama haya:

- LUKU. Mita ni yako, au mnachangia nyumba nzima? Kama mnachangia, nani ana friji, nani anapikia jiko la umeme, na umeme ukiisha saa nne usiku anayekwenda kununua ni nani? Ugomvi wa nyumba za kupanga huanzia hapa kuliko kwenye kodi.
- Maji. Maji ya mji kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe na yana mgao. Uliza yanatoka siku zipi, na kama kuna simtanki. Yaonje pia. Sehemu nyingi yana chumvi kidogo, na birika lako litaota ukoko mweupe ndani. Utazoea.
- Njia ya saa tatu usiku. Itembee mwenyewe jioni, kutoka kituo mpaka mlangoni. Kama inapita korongoni, kumbuka mvua zinaanza karibu na Desemba mpaka Aprili, na korongo kavu la Oktoba si korongo la Januari.

Andikishaneni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Halafu nenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe. Wanafunzi wengi hawaendi, wanaona ni mambo ya wazee. Siku simu yako ikiibwa, au ukihitaji barua ya utambulisho, utafurahi kwamba anakujua. Na majirani wanaona: kijana aliyekwenda kwa mwenyekiti anachukuliwa kuwa ana wazazi.

Kuhusu kubebana, yaani kulala kwenye chumba cha hosteli kwa kitanda cha mwenzako bila kusajiliwa: watu wanafanya, na wakikamatwa anayeadhibiwa sana ni aliyekubeba. Kwa mgeni ambaye hajajenga jina, kumponza mtu wa kwanza aliyekuhurumia ni gharama kubwa.

Kimbwetani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chuo kizima husomea kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya saruji vya nje, na madarasa matupu ya jioni, na kila kundi la diskasheni lina kimbweta chake kama lina hati. Utapita saa kumi na mbili utaona watu watano wenye kikokotozi kimoja wakicheka, na utadhani hawahitaji wa sita. Kwa kweli hawamhitaji, mpaka aje na kitu.

Wewe una kitu ambacho hakuna mwingine darasani anacho: maelezo ya kozi, maswali ya majaribio na mitihani iliyopita ya chuo kingine. Mhadhiri wa kule amefundisha mada ile ile kwa mifano mingine. Chagua kozi moja uliyo mzuri, moja tu, na uyapange maswali yake vizuri. Wiki ya pili au ya tatu, baada ya kipindi kigumu, mwendee mmoja wa watu watatu watano uliowaona wanakaa pamoja, usimwendee kiongozi wao, umwambie: "Mwanangu, ile ya leo hukuikamata? Nina maswali ya chuo nilichotoka yanayofanana, mnakutana lini niyalete?" Kwa dada unayemheshimu sema "dada", na ukipunguza "mwanangu" hutaharibikiwa. Hapa umeomba muda wa kukutana. Hukuomba urafiki, na hiyo ni rahisi mtu kuikubali.

Ukifika, fika kwa wakati na usikae kwenye kiti cha mtu. Utakijua ni cha mtu kwa daftari lililowekwa juu yake. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; chuoni hakuna atakayekupa, kwa hiyo lichukue: jitolee kuandika sehemu ya asaimenti inayokimbiwa, ile ya marejeo au ya kupanga kurasa. Anayepanga kurasa huwasiliana na kila mwanakundi usiku wa kuamkia kukusanya, na asubuhi wote wana namba yake.

Makosa mawili yanamfukuzisha mhamiaji kimya kimya. La kwanza ni "kule kwetu". Kule kwetu maktaba inafungwa usiku wa manane, kule kwetu tesiti hazikuwa hivi. Hata kama ni kweli, msikilizaji anasikia kwamba chuo chake ni duni na kwamba wewe unajuta kuja. Sema mara moja ukiulizwa, basi. La pili ni kutotokea bila taarifa. Mwenyeji akikosa diskasheni watu husema amebanwa. Mgeni akikosa mara mbili, grupu jipya linaundwa bila yeye na hataambiwa.

Wengine hawataki makundi, wanasoma peke yao na wanafaulu. Sawa. Hata hao nawaomba wawe na watu wawili darasani wanaoweza kuwapigia simu asubuhi ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, maana chumba cha mtihani kinaweza kubadilishwa usiku.

Jumuiya moja nje ya darasa

Moja. Wiki zile za mwanzo utaalikwa kila mahali. Wakristo wana TAFES, USCF, Wakatoliki TMCS, Wasabato TUCASA, Wapentekoste CASFETA. Waislamu wana jumuiya yao ya wanafunzi na mihadhara ya jioni, na mjini kuna Msikiti wa Gaddafi ambao Ijumaa unajaa watu wa mikoa yote. Kuna timu za ndaki, kuna klabu za taaluma, kuna serikali ya wanafunzi, UDOSO, ambayo wakati wa uchaguzi kila mgombea atakuwa rafiki yako wa karibu kwa siku kumi.

Kipimo changu ni kimoja: je, mnakutana siku na saa ile ile kila wiki mkifanya kazi ya mikono au ya sauti? Kwaya, timu ya mpira wa pete, usafi wa msikiti, kikundi cha kujitolea hospitali. Mahali ambapo mnakaa tu kusikiliza mzungumzaji unaweza kuhudhuria mwaka mzima bila mtu kujua jina lako. Kwaya itakujua siku ya kwanza, maana watakuuliza unaimba sauti gani. (Tahadhari: kwaya ikishakujua, Jumamosi zako zimekwenda. Uliza ratiba ya mazoezi kabla ya kusema ndiyo, na uliza michango: sare, safari, harusi za wanakwaya.)

Watu wa mkoa wako nao utawapata bila kuwatafuta. Wafurahie, kuleni pamoja, ila usifunge mlango hapo. Nimeona Wahaya na Wachaga waliokaa Dodoma miaka mitatu wakaondoka hawajui mtu asiyeongea lugha yao.

Mji na wenyeji wake

Dodoma si ukumbi wa kusubiria shahada. Tafuta mama ntilie mmoja, ule kwake siku mbili tatu mfululizo, na siku ya nne atakuuliza mbona jana hukuja. Kwa mtu aliye mbali na kwao, swali hilo lina uzito. Atakupa ugali wa uwele au mtama na mlenda, na usikunje uso. Mlenda wa Kigogo, uliokaushwa na kupikwa na karanga, huchukua siku chache kuuelewa, ukishauelewa hutaki kabichi.

Jifunze kusalimia mzee wa Kigogo: "mbukwa" kwa mmoja, "mbukwenyi" kwa wengi. Ukisalimia hivyo sokoni Majengo, bei inaweza isishuke, lakini mazungumzo yatafunguka, na ukiwa Mhehe, mtani wa Wagogo, utani utaanza papo hapo, nawe unatakiwa ujibu. Msimu wa zabibu huja mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, tena Agosti na Septemba. Mfuko mmoja ukiupeleka kimbwetani unafanya kazi ya hotuba nyingi.

Hali ya hewa usiidharau. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100, ni mkavu, na kabla ya mvua upepo unabeba vumbi jekundu mpaka kwenye kurasa za daftari. Midomo itapasuka: nunua mafuta mazito. Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kuhitaji sweta, jambo ambalo mtu wa Dar au Tanga hataliamini mpaka apate mafua.

Wiki ambazo simu haiiti

Msisimko wa kufika huisha, na kabla watu wapya hawajawa watu wako kuna kipindi kitupu, mara nyingi mwezi wa pili tangu ufike. Jioni za Jumapili ndizo ngumu. Utatamani kurudi kila wikendi chuo cha zamani kama kiko karibu, na utaona kwenye stetasi wenzako wa kule wanaendelea bila wewe. Zungumza nao, ila safari zipunguze mpaka semista iishe: mambo mengi ya kundi hupangwa Jumamosi, na anayekosekana kila Jumamosi hupangwa nje.

Ikizidi, yaani hulali, huli, vipindi vinapita umejifunika shuka, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Ofisi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wenye kesi tu. Na kwa kuwa uko Dodoma utasikia utani wa Mirembe mpaka uchoke: ukisahau kalamu, "huyu wa Mirembe." Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na madaktari wake wanatibu huzuni na kukosa usingizi kama magonjwa mengine yanavyotibiwa. Utani usikuzuie.

Kabla ya UE ya kwanza

Ingia kwenye akaunti yako ya matokeo na uhesabu. Krediti zilizohamishwa zimeandikwa? Kozi zilizokubaliwa zinaonekana kwa misimbo ya chuo hiki? Jina limeandikwa kama kwenye cheti cha kidato cha nne? Kama kuna pengo, andika barua kwa mkuu wa idara, nakala ofisi ya usajili, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwambie na CR. Huwa anajua karani yupi anashughulikia mambo hayo na siku gani yupo ofisini.